Mvushaji wa Ghorofa ya Tano

Haya yalimkuta rafiki yangu Denise, mzaliwa wa Kisangani, hapa hapa Birmingham. Jioni moja alirudi kutoka dukani, akakuta lifti mbovu tena na ngazi giza tupu. Akapanda hadi ghorofa ya tano na mizigo yake, akifoka.

Ndani, mabomba ya maji ukutani yakaanza tena kugonga: ko, ko, ko, kama kasia kwenye ubavu wa mtumbwi. Kwao, mvushaji hugonga hivyo kuwaita abiria wa mwisho wavuke mto. Akampigia mwenye nyumba. "Kesho," akajibiwa, kama kila siku. Akatupa simu, na kwa hasira akayajibu mabomba kama wanavyojibu kwao: "Ningoje, nakuja!"

Mabomba yakanyamaza. Nje, kitu cha mbao kikakwaruza sakafu, kikasimama mlangoni. Chini ya mlango yakapenya maji ya kahawia, yamebeba jani bichi la gugumaji.