Baba Aliyeogopa Kumbeba Mtoto Wake

Nyamwange alifanya kazi katika kiwanda cha chai, upande wa Kericho. Kazi yake ilikuwa kutandaza majani mabichi ili yanyauke kabla ya kusagwa. Yeye na mke wake Yunia walitoka Kisii, lakini walikuwa wamekaa kwenye mashamba ya chai miaka sita. Waliishi katika laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizojengwa kwa mstari. Mtoto wao Moraa alikuwa na miezi minne.

Kila siku saa kumi Nyamwange alitoka kazini, akanawa, akamchukua mtoto ili Yunia apate kupika. Majirani walizoea kumwona ameketi mlangoni na Moraa magotini, akimweleza habari za kiwanda kama mtu anayeongea na mzee mwenzake.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Kipkemoi, Mkipsigis mwenye shamba dogo la chai karibu na Sosiot. Walifanya kazi pamoja na kula pamoja kila mchana.

Mwaka huo wa 1971 ugonjwa wa kipindupindu ulikuwa unasafiri kutoka nchi moja hadi nyingine. Watu waliusikia kwa redio kama jambo la mbali. Jumamosi moja Nyamwange alimsindikiza Kipkemoi nyumbani kwake. Jua lilikuwa kali. Walipofika mtoni Nyamwange alichota maji kwa kikombe chake, akanywa, akampa mwenzake. Jumatatu Kipkemoi hakuja kazini. Jumanne walisikia amekufa. Alikuwa ameharisha na kutapika siku moja tu.

Watu wa afya walimzika haraka. Marafiki hawakuruhusiwa kufika. Baada ya hapo mikutano ilikatazwa, kanisa likafungwa, na wafanyakazi wakaambiwa wasitoke nje ya mashamba ya chai.

Nyamwange hakulia. Alianza kunawa mikono. Kwanza alinawa kwa sabuni, halafu kwa sabuni na majivu, mara ishirini kwa siku, hata ngozi ikapasuka na kutoa damu. Hakumshika Moraa tena. Alilala peke yake jikoni, na usingizi wenyewe haukuja. Kila alipotoka kazini alikaa karibu na redio ya jirani, akisikiliza habari za ugonjwa mpaka usiku. Kazini alisahau majani mpaka yakaharibika, na msimamizi akamwambia apumzike nyumbani.

Wengine walisema amekuwa mvivu. Wengine walisema amerogwa. Yunia mwenyewe alimgombeza mwanzoni, kwa sababu mtoto alimlilia baba yake naye akageuza uso.

Wiki ya sita, asubuhi, Nyamwange alimwita mkewe. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama Moraa, mchukue mtoto uende kwa ndugu yangu Ogari. Bila mimi mtakuwa salama."

Yunia alihisi kwamba mumewe anaaga. Hakubishana naye. Alimwomba jirani yao, mzee Atuti, aketi na Nyamwange asimwache hata kidogo. Kisha alimfunga mtoto mgongoni akaenda zahanati.

Pale alimkuta Kipkosgei. Watu walimwita daktari, lakini yeye alisema siku zote kwamba ni dresa tu, mtu wa kufunga vidonda na kugawa dawa. Yunia alimweleza yote. Kipkosgei alimwachia mwenzake kazi, wakaondoka pamoja.

Alipoingia, Kipkosgei alinyoosha mkono kumsalimia Nyamwange. Nyamwange alificha mikono yake nyuma. Kipkosgei hakuurudisha wake. Aliuacha pale, akingoja, mpaka mkono wa Nyamwange ukaja polepole. Aliushika kwa upole, akaviangalia vidonda, akavipaka dawa. Kisha aliketi karibu naye na kuuliza wazi, "Nyamwange, umefikiria kujiua?"

Yunia alishtuka. Lakini Nyamwange alijibu, "Ndiyo. Nimefikiria." Hapo akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu rafiki yake afe. Kipkosgei hakumwambia anyamaze. Baadaye alimweleza Yunia kwamba swali kama hilo halimpi mtu wazo la kufa. Linamfungulia mlango wa kusema.

Nyamwange alisimulia habari ya kikombe. Alisema, "Mimi ndiye niliyemwua. Ugonjwa uko kwenye mikono yangu."

"Mimi sijui Kipkemoi aliupata wapi," Kipkosgei alisema. "Na wewe hujui. Ulimpa maji mtu mwenye kiu, basi. Na sasa ni wiki sita. Kama ungekuwa na vijidudu vya kipindupindu, vingekuwa vimekwisha kutoka. Mikono yako haina kipindupindu. Moyo wako ndio unaumwa."

Alieleza kwamba wakati wa ugonjwa mkubwa watu wengi huumwa hivyo. Hofu ikikaa muda mrefu, pamoja na huzuni ambayo haikupata mahali pa kulia, mtu hukosa usingizi, hukosa hamu ya chakula, na huona anastahili kulaumiwa kwa kila kitu. Huo si uvivu wala si uchawi. Ni ugonjwa, na unapona.

Kisha akasema la kufanya. Maji ya kunywa yachemshwe. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kutoka choo, kabla ya kula na kabla ya kulisha mtoto, mara moja kila wakati, na hiyo inatosha. Redio isikilizwe mara moja tu kwa siku. Nyamwange ale hata kidogo, atembee kati ya chai asubuhi, na asiachwe peke yake kwa sasa. Kila Jumanne aje zahanati waongee. Mawazo ya kufa yakirudi, asingoje Jumanne. Na kama hali haibadiliki, Kipkosgei mwenyewe atampeleka hospitali kubwa kwa madaktari wa magonjwa ya akili.

Haikuwa rahisi. Kulikuwa na siku alizokataa kutoka kitandani. Yunia aliacha kumgombeza, akawa anaketi naye tu. Wiki ya tatu tangu Kipkosgei aje, Nyamwange alinawa mara moja, akasimama akitazama maji. Yunia akasema, "Imetosha, Baba Moraa." Akampa mtoto. Nyamwange alimpokea, wala hakumrudisha. Moraa alimshika pua.

Njia zilipofunguliwa, Kipkosgei alimwuliza kama anaweza sasa kwenda kwa Tecla, mjane wa Kipkemoi. Nyamwange aliogopa safari hiyo kuliko yote. Alikwenda na Yunia.

Walimkuta Tecla peke yake katika chai iliyoota ndefu kwa kukosa wachumaji. Aliweka kikapu chini. Nyamwange hakutaka kuketi kabla ya kusema. Alieleza habari ya mto na kikombe, akaomba msamaha.

Tecla akasema, "Shemeji, maji ya mto ule tulikuwa tunakunywa sisi sote hapa, kila siku. Mimi nimekuwa nikifikiri ni uji wangu uliomwua." Akafuta uso kwa kitambaa. "Miezi miwili hakuna mtu aliyeingia hapa. Wanapita kule juu wakitembea haraka. Nilifikiri na wewe umetukataa."

Wakaketi, wakalia pamoja. Halafu Tecla akapika chai, wakamtaja Kipkemoi kwa jina. Walikumbuka jinsi alivyopenda kubishana juu ya ng'ombe wake, ambaye hakuwahi kutoa maziwa mengi kama alivyodai. Tecla alicheka, kisha akashangaa kwamba amecheka. Kabla ya kuondoka walichuma naye mistari minne ya chai, huku Moraa amelala juu ya gunia kivulini.

Nyamwange alirudi kazini mwezi uliofuata. Jumanne hakuacha kwenda zahanati, lakini sasa hakwenda peke yake. Tecla alishuka kutoka Sosiot, naye alikuwa halali usingizi kwa wiki nyingi. Siku ya kwanza Kipkosgei alichelewa kwa sababu ya wagonjwa. Alipotoka nje aliwakuta wakiongea chini ya paa la zahanati, Tecla akieleza na Nyamwange akisikiliza. Aliwatazama kidogo, akarudi ndani, asije akawakatiza.