Kamba ya Kiuno cha Déogratias

Baiskeli ilikuwa imekwisha kupita nyumba za mwisho za Likasi. Déogratias alishika usukani, mama yake Kabedi alisukuma nyuma. Walibeba mukeka, sufuria na kidumu cha munkoyo, kile kinywaji cha mahindi. Walikuwa wanakwenda ziwa Tshangalele, kwa watu wa maombi. Vidonge vya Déo vilikuwa ndani ya kitambaa cha Kabedi. Alitaka kuvitupa majini.

Mwaka ulikuwa 1994. Sirène ya kiwanda cha shaba, king'ora kilichokuwa kikiamsha mji mzima, ilikuwa imenyamaza. Kabedi aliikumbuka kila asubuhi. Alikumbuka mufuko wa unga uliotolewa na kiwanda kila mwezi. Alimkumbuka Déo akirudi kutoka kazi ya shaba, akipiga mluzi toka barabarani.

Kisha Déo akaanza kusikia sauti za watu wasiokuwepo. Daktari alisema ni skizofrenia, ugonjwa wa akili, akampa vidonge. Sauti zikapungua. Déo akarudia kunyoa ndevu na kutengeneza radio za majirani. Akanenepa pia. Wakati ule wa njaa, tumbo lake lilikuwa sifa ya mama. Watu walisema mtoto amepona. Basi Kabedi akamwongezea bukari, ule ugali wa mahindi, na munkoyo ya sukari nyingi.

Sasa ilikuwa miezi miwili kiu haimwachi Déo. Alikunywa ndoo, akakojoa ndoo. Sisimizi walijaa pale alipokojoa. Jirani yao Emérance alisema ni pepo la maji, na vidonge ndivyo vimeliita.

Njiani miguu ya Déo ikakataa. Akakaa chini mbele ya nyumba ya Isidore, muuguzi mzee aliyefanya kazi miaka mingi ku dispensaire, zahanati ya kiwanda. Isidore aliwapa viti. Aliuliza habari za kiu, mukojo na vidonge. Kisha akatoa chupa ya dawa ya buluu, akachanganya na mukojo kidogo wa Déo, akachemsha. Buluu ikawa kijani, ikawa manjano, mwisho ikawa nyekundu kama tofali.

"Docta," Déo alisema polepole, "ile buluu miye naijua. Ni shaba ya mu usine, mu kiwanda chetu."

"Ni shaba kweli. Inageuka hivi kama sukari iko mu mukojo. Weye iko na sukari mingi mu damu, baba."

Kabedi alifungua kitambaa. "Kumbe vidonge ni sumu. Nivitupe?"

"Hapana, mama Kabedi. Ukivitupa, zile sauti zitarudia. Watu ya ugonjwa wa akili wanapata sukari kupita wengine, na dawa zingine zinaongeza njaa na unene. Ndiyo maana tunapima uzito, kiuno, presha na sukari ya damu, mbele ya kuanza dawa na kisha kila mara. Daktari ndiye atabadilisha dawa, hapana siye."

Kabedi aliuliza kwa sauti ndogo kama munkoyo yake ndiyo imemwumiza mtoto.

"Ulimupa kwa mapendo," Isidore alisema. "Sasa akisikia kiu, mupe maji tu."

Akafungua kamba iliyofunga mukeka, akamzungusha Déo kiunoni, akapiga fundo la kipimo. "Tumbo ya directeur wa kiwanda," alisema.

"Na directeur mwenyewe alishakimbia," Déo akajibu. Kabedi akacheka, kisha akafuta macho.

Walimkalisha Déo juu ya baiskeli, wakaigeuza siku ileile, na Isidore akawasindikiza mpaka hospitali. Daktari alipima damu, akatoa dawa ya sukari, akabadilisha vidonge vya akili kidogo kidogo. Nyumbani bukari ilipungua, lengalenga, mboga kama mchicha, na maharagi vikaongezeka. Kila asubuhi, saa ileile ya sirène ya zamani, mama na mwana walitembea mpaka mlango wa kiwanda na kurudi. Kila mwezi Kabedi alizungusha kamba. Baada ya mwaka, fundo jipya lilikuwa vidole vinne ndani ya lile la kwanza. Kiu iliisha, na sauti hazikurudi.

Isidore alihamia Kambove, akazikwa huko mwaka 2001. Emérance naye alikuja kupimwa, akakutwa na presha, na sasa anakunywa dawa. Kabedi alifariki mwaka 2009. Déo anaendelea na vidonge, anatengeneza radio, na anapimwa kila miezi mitatu. Kamba iko ku musumari, karibu na mlango.