Itikio la Upande wa Pili

Mchana ule Ujiji ilikuwa shwari. Wanawake waligeuza dagaa vichanjani, na ziwa lilimeta bila wimbi. Wakili Selina alifika nyumbani kwa mteja wake, Margareta, kuipima hoja ambayo hakuiamini hata kidogo.

Margareta alikuwa mahabusu. Wifi yake, Frida, alikutwa sebuleni humo taya limevunjika, hawezi kusema, na ndani hamkuwa na mwingine ila Margareta. Utetezi wake ulikuwa mmoja: aliyepiga ni marehemu mumewe, Dismasi, kupitia santuri ya jazi ambamo alipuliza filimbi akisindikizwa na okestra nzima. Alipokuwa hai, Dismasi hakumwita mkewe kwa mdomo. Alilipuliza jina lake. Asipoitika upesi, alimpiga kwa filimbi hiyohiyo ya chuma.

"Ukiitwa humo, usiitike. Siku hizi anampiga anayeitika," alinong'ona Gervasi, kaka yake Margareta, akimfungulia mlango.

"Aniite nani, kaka Gervasi? Marehemu anayo namba yangu?"

"Cheka tu, dada. Hata Frida alicheka."

Selina akaingia sebuleni peke yake, akaweka sindano juu ya upande wa pili wa santuri. Fidla zilipanda taratibu, na juu yake filimbi ikatamba, tamu kuliko alivyotarajia. Ghafla okestra ikanyamaza. Filimbi ikatoa sauti tatu.

Akakunja uso. Margareta alieleza sauti nne: Mar-ga-re-ta. Maelezo yanajipinga, aliwaza, akairudisha sindano.

Sauti tatu. Ya kati imepanda, ya mwisho imeshuka, sawasawa na mama yake alivyomwita kutoka jikoni kule Same, Upareni, ambako mtoto asiyeitika huchapwa kwanza, huulizwa baadaye.

Se-li-na.

"Abee!"

Lilimtoka kabla ya akili.

Pigo la kwanza lilimng'oa meno. La pili lilipasua nyusi. Hakuona mkono. Hakuona mtu. Alisikia pumzi tu, ya mtu anayejaza mapafu ili apulize. Pumzi. Pigo. Pumzi. Pigo. Taya likaachia. Fidla zikarudi, zikifuata mapigo bila kukosea.

Gervasi aliuvunja mlango ambao hakuna aliyeufunga. Damu ilikuwa ukutani. Shavuni mwa Selina kulikuwa na michubuko ya duara, imepangana mstari mmoja, kama matundu ya filimbi.

Margareta alikuwa nyuma ya kufuli saa ile, hilo halikubishaniwa. Wiki chache baadaye mahakamani, mwendesha mashtaka aliposimama kuyaondoa mashtaka, Hakimu Eufrasia alitaka kwanza kukisikia kielelezo, ile santuri.

"Mheshimiwa, nakusihi, usi..." Margareta alisema kizimbani.

Sindano ilikwisha kushuka.

Okestra ikanyamaza. Sauti nne, mwanamke akaitika, "Abee," na Margareta akainamisha kichwa. Sauti mbili, "Abee" ya Frida. Sauti tatu, "Abee!" yenye lafudhi ya Upareni.

Wote wakamgeukia Selina kwenye benchi la mawakili. Taya lake lilikuwa bado limefungwa kwa waya.

Kisha, ndani ya santuri, mtu akavuta pumzi.

Hakimu Eufrasia akaziba mdomo wake kwa viganja viwili.