Kitanzi cha Njia

Wewe unayenisikiliza, umewahi kuona treni nzima ikingoja neno la msichana mmoja?

Mwaka ule wa sabini na saba Jumuiya ilikuwa inavunjika, na pale stesheni ya Same kila kitu kilinuka ubaya. Mabehewa yaliyovuka mpaka kwenda Voi hayakurudi. Simu ya stesheni ya Kahe unaizungusha mpaka mkono unachoka, kimya. Vumbi jekundu limelala juu ya mabenchi, hakuna hata abiria wa kulifuta kwa makalio yake. Wema, muuza ndizi, aliyaona hayo kila alipopita na sinia lake.

Mpenzi wake, Nathanaeli, Mtaita wa Voi, ndiye aliyekuwa akiwapa madereva kitanzi: duara la chuma lenye mfuko wa ngozi, ndani mna kibali cha njia. Bila hicho dereva haondoki, maana reli ni moja, na mbele huko mwenzake aweza kuwa anakuja. Siku waliyojuana, treni ya mizigo ilipita bila kusimama, Nathanaeli akakidaka kitanzi alichorushiwa na dereva, kikayumba, kikazoa sinia la Wema.

"We kaka, huna macho?"

"Ninayo, dada. Yameganda kwako."

"Basi yabandue, uniokotee ndizi zangu!"

Akaziokota, akiwa amevaa koti lake la kaki lenye vifungo vya shaba. Zilizopondeka akazila mwenyewe. Tangu hapo, akipangiwa zamu stesheni jirani ya Lembeni, simu ya Same haikupumzika. Gideoni, mjomba wa Wema na stesheni masta, alikuwa akiita kwa kununa: "Wema! Reli inauliza umekula nini!"

Kisha ikaja amri: wafanyakazi wa ng'ambo ya mpaka warudi kwao.

"Wema wangu, sema nibaki, nitabaki."

"Shauri yako," Wema akajibu, akageuza uso.

Nathanaeli akaona hatakiwi. Kumbe Wema alijua Nathanaeli akibaki atakuwa mgeni asiye na kazi, na mama yake Nathanaeli, mzee, yuko ng'ambo peke yake. Na kile alichokitaka Wema mwenyewe hakuthubutu kukitamka.

Siku ya siku, treni ilikuja na mabehewa matupu, madirisha yamefungwa. Mgambo walisimama wima kando ya reli. Sanduku la Nathanaeli lilikwisha pandishwa. Akanyoosha kitanzi kwa dereva ili kisha adandie. Mara Wema, amevaa gauni lake la njano la Krismasi, akatokea mbio, akakinyakua, akakikumbatia.

"We binti, lete hicho!" dereva akafoka. "Mpaka unafungwa!"

"Wema, utaniponza!" mjomba akalia.

Nathanaeli akamsogelea. "Nibaki?"

"Hapana."

Uso wa Nathanaeli ukasawijika. Wema akafunua kanga yake. Ndani palikuwa na kifurushi.

"Haya ni makande ya safari. Mama nimemuaga, amelia, lakini ameyapika."

"Mwanangu," mjomba akasema taratibu, "ukivuka leo, hakuna ajuaye mlango huu utafunguliwa lini."

Wema akatazama milima ya Upare, akaitazama mpaka macho yakamlowa. Filimbi ikalia. Akamrudishia Nathanaeli kitanzi.

"Tangu nina meno ya utoto nawauzia watu ndizi madirishani, wao wanakwenda, mimi nabaki. Sitaki ubaki, Nathanaeli. Nataka kwenda na wewe. Nipandishe."