Laini Si Chepesi

Mlio uliposikika, mama mwenye nyumba alikuwa uani anaanika nguo. Alidhani bati la jirani limeanguka, akaendelea na shuka la pili. Kisha akamwita mumewe amshikie upande mmoja, na mumewe hakuitika. Alipofungua mlango wa stoo alimkuta amelala chali sakafuni, shati limeloa damu kifuani, bunduki yake ya kuwindia iko chini kando ya meza. Alipiga ukunga. Aliyefika mbio wa kwanza ni shemeji yake.

Inspekta alifika saa tatu asubuhi, mvua ikiwa imeanza kunyesha, ile ya kukera, isiyokatika wala kuongezeka. Watu walimpachika jina la Mama Pole, kwa kuwa kila aliyemtia pingu alimwambia "pole" kwanza, na hakuwa akimkejeli. Kazi ile alikuwa ameifanya miaka mingi na bado ilimuuma.

Stoo ilikuwa ndogo: rafu za rangi na misumari, meza ya mbao, dirisha moja lenye nondo. Shemeji alikuwa tayari na maelezo kabla ya kuulizwa. Ni mdogo wake marehemu, jina lake la mtaani Chapuchapu, na alilipata kwa sababu ya ulimi wake.

"Ni ajali, Inspekta, lakini ajali ina mwenyewe. Fundi bunduki ndiye kamuua kaka yangu! Kapelekewa kifyatulio akitengeneze, kakiharibu. Zamani kilikuwa kinakwaruza, unavuta mpaka unakereka. Sasa kinateleza tu, ukikigusa kimeondoka. Imeanguka kutoka mezani, ikajifyatua."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Getini, naosha gari. Nilimletea mama dawa zake."

"Na kaka yako mlizungumza?"

"Wapi! Wiki nzima hatujaonana. Hata leo nilijua bado amelala."

"Bunduki umeigusa?"

"Tangu aipeleke kwa fundi sijaitia machoni. Kwamba imerudi jana jioni kaniambia shemeji hapa, tunalia."

Inspekta aliitikia kwa kichwa, akatoka. Kwenye ujia alimkuta mama mzazi wa ndugu hao wawili, kikongwe aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani.

"Aliyemuua mwanangu mmemkamata?"

"Kuna mtu tumemshika, mama."

Ni kweli alikuwepo. Koplo aliyetangulia kufika, aliposikia bunduki imetoka jana kwa fundi, alikuwa amemfuata kwenye karakana yake na kumweka rumande, na maelezo yake aliyaandika kwa mstari mmoja: mtuhumiwa amekiri kukifanya kifyatulio chepesi. Kesho yake alikuwa apelekwe mahakamani kwa kuua bila kukusudia. Mkubwa wa kituo aliona kesi imeisha na akaagiza chai.

Lakini kabla ya kuondoka pale nyumbani, Chapuchapu alimvuta Inspekta pembeni. "Sipendi umbea, ila shemeji na kaka walikuwa hawalali chumba kimoja."

Mjane hakukana. "Nililala chumbani kwa mama mkwe wiki nzima, ndiyo. Tuligombana kwa ajili ya hiyo bunduki. Nilimwambia airudishe serikalini, vidole vyake vimeanza kutetemeka, ataua mtu. Hakunisikia. Halafu jana karudi nayo kutoka kwa fundi, hata chakula hakugusa. Akasema tu, Jumatatu naipeleka polisi."

"Hakusema kwa nini?"

"Nilimuuliza. Akasema ni aibu ya ukoo, nisimtie mama presha."

"Alikueleza kifyatulio kimekuwaje?"

"Inspekta, mimi hata kuishika sijui. Najua inapiga kelele, basi." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mume wangu nilimnunia siku zake za mwisho. Hilo nitalibeba mpaka kaburini."

Inspekta alimwamini. Mtu anayejitafutia njia ya kuponyoka hajipigi mwenyewe namna ile.

Kituoni, fundi alikuwa amejikunja pembeni ya selo, sahani ya chakula haijaguswa.

"Ulikifanya chepesi?"

"Nilikilainisha, mama."

"Si ndiyo hayo hayo?"

"Siyo." Alisema polepole, kama mgonjwa. "Laini si chepesi. Vyuma vyake vilikuwa na makovu, nikavisugua visikwaruzane. Uzito wa kukivuta niliuongeza. Mwenyewe aliomba, kwa sababu ya vidole vyake."

"Sasa mbona hukumwambia Koplo?"

"Nilimwambia nimelainisha, akaandika alivyoelewa. Na mimi nikashindwa kumbishia. Ule ukingo unaoshikilia pini ya kufyatulia, ukiusugua ukapitiliza, bunduki inajifyatua ikigongwa kidogo tu. Tangu asubuhi najiuliza kama niliusugua nikapitiliza. Kama ni hivyo, mikono hii ndiyo imeua." Akaitazama kwa chuki.

"Marehemu alipoijaribu alisemaje?"

"Alisema nimemfanyia chepesi mno. Laini inaudanganya mkono, mama. Kisipokwaruza, huhisi uzito. Mpaka nilipofunga mizani kwenye kifyatulio nikampimia ndipo akaamini. Tukacheka." Akaisogeza sahani pembeni. "Kisha nikamwambia mtutu una masizi mapya. Akanijibu hajawinda tangu mwaka jana. Hakucheka tena."

Inspekta alikwenda ghala la silaha. Mtunza silaha aliikoki bunduki bila risasi, akaidondosha kitako kwenye mkeka, akailaza ubavu, akaigonga kwa nyundo ya mpira kila upande. Pini haikuondoka hata mara moja. Kisha akafunga kwenye kifyatulio mizani ya ndoano, ile ya kupimia magunia madogo, akavuta. Kilo tatu. Silaha ile isingejifyatua kwa kuanguka. Kilihitajika kidole, tena cha mtu aliyedhamiria.

Inspekta alikaa juu ya sanduku tupu. Alilijua jibu na hakulipenda.

Saa tisa alasiri Chapuchapu aliitwa kituoni. Alimkuta fundi amekaa kwenye benchi, bunduki mezani na mizani pembeni yake.

"Vuta," Inspekta alimwambia.

Chapuchapu alivuta kwa mizani, na mshale ukapanda, ukapanda, hadi pini ikalia. Macho yake yalibaki kwenye namba.

"Hiki ndicho ulichosema ukikigusa kimeondoka?"

"Basi nilikosea."

"Hukukosea. Kila anayekivuta kwa kidole husema hivyo, hata marehemu alisema. Asiyekivuta ndiye hawezi kujua. Ulijuaje hakikwaruzi tena?"

"Kaka aliniambia."

"Wiki nzima hamjaonana."

"Basi shemeji..."

"Shemeji yako hajawahi kukigusa. Fundi alikuwa rumande kabla hujatoa maelezo. Amebaki nani?"

Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile ulimwelemea Chapuchapu. Alipoanza tena kusema, sauti ilikuwa ya mtoto aliyevunja chombo cha nyumbani.

"Nilikuwa naichukua kaka akisafiri. Ufunguo wa stoo ninao. Wanyama kidogo tu, ndani ya hifadhi, mtu ananipa oda. Leo asubuhi aliniita stooni akaniambia Jumatatu tunakwenda wote polisi, nikajitaje mwenyewe au anitaje yeye. Nilimpigia magoti, Inspekta! Akasema amenibeba tangu utotoni, mgongo umechoka. Bunduki ilikuwa mezani, risasi zake kwenye rafu. Akanipa mgongo kutafuta kitambaa cha kuifutia. Nikaipakia. Aliposikia komeo la bunduki akageuka. Nilitaka kumtisha tu. Sikuhisi hata kama nimevuta."

"Pole," Inspekta alisema, akamfunga pingu.

Fundi aliinuka taratibu, akiwa hajui kama anaruhusiwa. Koplo alimrudishia mkanda na viatu bila kumtazama usoni.

Nje, chini ya kibaraza, mama mzazi alikuwa amefika na mjane. Inspekta alichuchumaa mbele yake ili wawe sawa kwa macho, akamweleza yote bila kupunguza. Kikongwe hakulia. Alimtazama fundi akipita mvuani, huru, kisha akauangalia mlango wa kituo kwa muda mrefu.

"Huko ndani wanalala chini?"

"Ndiyo, mama. Kwenye saruji."

"Baba yao alikufa kwa kifua, na huyu mdogo ndiye aliyekirithi." Alimshika mkwewe mkono, akajiinua. "Twende nyumbani. Huyu mkubwa tumtafutie sanda, na mdogo nimletee blanketi."