Mkazi wa Nyumba ya Arobaini

Barua ilirudi ikiwa imejibiwa, na kioja ni kwamba Katibu hakuwa ameipeleka kwa mtu yeyote.

Alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Katibu tangu kamati ya wakazi ilipomchagua kwa kosa lake moja tu, la kuwa na mwandiko mzuri. Juma hilo aliandika barua arobaini za kuwaita watu kwenye kikao cha ofisi ya mipango miji. Thelathini na tisa alizigawa mlango kwa mlango. Ya arobaini aliitupa kwenye kikapu cha vipande vya vitambaa akacheka peke yake, maana nyumba ya arobaini haikuwa na mtu. Asubuhi aliikuta juu ya cherehani, imelowa, inanuka tope la chini na chuma chenye kutu. Mbele ya swali "Je, utahudhuria?" palikuwa pameandikwa: Nitakuja.

Mwandiko aliujua. Ulikuwa wake mwenyewe, wa mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto alikuwa ameutumia kuandika mara moja tu maishani.

Mara hiyo moja ilikuwa mwezi uliopita. Kampuni fulani ilitaka kujenga jengo la ghorofa kumi na mbili kwenye uwanja wa mwisho wa mtaa. Wakazi hawakuwa na chuki na ghorofa, wala na watakaolala ndani yake. Walichojua ni kwamba barabara yao ilikuwa moja, tena gari mbili zikikutana lazima moja irudi nyuma, maji yalitoka kwa zamu, na chemba za majitaka zilifurika hata mtu akipiga chafya karibu nazo. Ofisi iliwaambia pingamizi lingesikilizwa kama lina kaya arobaini. Wakajihesabu, wakawa thelathini na tisa. Wakajihesabu tena, kana kwamba kuna aliyejifungua nyumba usiku.

"Kile kibanda cha pampu si kina namba?" aliuliza Mwenyekiti, mzee mnene asiyekosa hoja hata akiamshwa usingizini.

Kweli kilikuwa nayo. Mlangoni kwake bado ilisomeka 40, tangu enzi za mlinzi wa pampu. Kilisimama ukingoni mwa uwanja, juu ya kisima cha zamani.

"Namba ipo, mtu hayupo," alisema mume wa Katibu.

"Mtu tutampata. Usipoziba ufa utajenga ukuta, Fundi."

Mume wa Katibu alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache na viatu vyenye tope. "Mwenyekiti, mimi nimekaa na mabomba miaka ishirini. Mafundi walionitangulia walikifunga kile kisima kwa mfuniko wa chuma, kisha wakauchomelea pande zote. Hakuna mtu anayechomelea mfuniko kwa kuogopa maji."

Watu walicheka, na Katibu naye akacheka. Alihamisha kalamu mkono wa kushoto ili mwandiko usifanane na wa fomu nyingine za pingamizi alizowajazia majirani, akaandika: Nyumba ya arobaini. Idadi ya watu: 1. Wasiwasi wa mkazi: Nafasi haitoshi. Akatia sahihi ya kubuni. Fomu ikapelekwa ofisini, ikagongwa mhuri.

Sasa barua ilipojibiwa, alimwonyesha mumewe, naye hakusema "nilikwambia," jambo ambalo wanaume wachache wangeweza kulizuia. Aliichoma jikoni. Harufu haikuungua.

Mume na mke hawa walikuwa na lugha yao. Fundi akiwa nje kwenye mita, hupiga bomba kwa spana: mara tatu, mkewe aliye ndani afungue koki, mara mbili, afunge. Majirani walitania kwamba hao hata kutongozana walitongozana kwa bomba. Siku mbili baada ya barua, saa saba mchana, jua likiwa utosini na mtaa mzima umejifungia ndani, walikuwa mezani wanakula pale bomba lilipogongwa mara tatu.

Fundi aliweka kijiko chini. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya meza.

"Si mimi," alinong'ona.

"Naona si wewe."

"Usifungue."

"Nani kakwambia nafungua?"

Waliketi hivyo wakiitazama koki, na koki ikaanza kudondosha tone moja moja la maji meusi ingawa haikuguswa, na kila tone lilipofika kwenye beseni ile harufu ya tope la chini iliongezeka, ikapanda hadi kwenye chakula, hadi kwenye nguo zilizokuwa zikisubiri vifungo. Siku ya pili saa saba, mara tatu. Siku ya tatu, mara tatu. Kitu kilikuwa kimejifunza lugha yao, na Katibu aliona uchungu kuliko hata hofu, kama mtu aliyekuta mgeni amevaa nguo zake za harusi.

Waliita mganga. Alikuja mwanamke wa makamo mwenye mfuko wa plastiki na haraka ya mtu aliyeacha sufuria jikoni. Alifukiza ubani, akasoma alichosoma, akaenda hadi kwenye kibanda cha pampu, akarudi mbio bila kuona aibu.

"Huyo hakuvamia," alisema akihema. "Alikuwa amefungiwa huko chini, amelala. Ninyi mmemwandika. Mmempa nyumba, mmempa namba, mmempigia mhuri. Siwezi kumfukuza mtu kwake."

"Sasa tufanyeje, dada yangu?" aliuliza Katibu.

"Aliyeandika ndiye afute. Karatasi ile ile, mkono ule ule. Ila shika hili: kabla hujafuta, soma kwanza uone kama bado yuko peke yake. Ukifuta mstari, unafuta na vyote vilivyomo."

Katibu alitaka kwenda ofisini siku hiyo hiyo. Mwenyekiti alimkuta mlangoni, karibu kupiga magoti. Zilibaki siku nne tu kabla ya kikao. Wakifuta leo, kaya zinabaki thelathini na tisa na mtaa umekwisha. "Siku nne, mwanangu. Umeishi naye mwezi mzima, siku nne zitakuua?" Katibu alifikiria chemba iliyokuwa ikifurika hadi kizingitini kwake kila mvua ikinyesha. Akakubali. Angalau tuseme ukweli: hakulazimishwa.

Siku ya kikao, maji yalikatika mtaa mzima tangu alfajiri. Majirani walimjia Fundi na ndoo tupu. Alitembeza sikio lake kwenye bomba kuu, akamwambia mkewe kuwa linavuja upande wa kibanda cha pampu.

"Usiende huko," mkewe alimwambia.

"Naangalia tu mita kwa nje. Tangulia, nakufuata. Mtu mwenye mke katibu atakosaje kikao, Bi Katibu?"

Ukumbini viti vilipangwa arobaini, kila kimoja na namba ya nyumba. Kiti cha arobaini kilikuwa cha mwisho nyuma, na mbao zake zilikuwa zimelowa. Afisa wa mipango, kijana nadhifu aliyeshika fomu zote mkononi, alianza kuita nyumba moja moja. Waliitika. Katibu alikuwa akigeuka kila mara kutazama mlango, maana saa ya ukutani ilikaribia saa saba na mumewe hakuwa ametokea, na harufu ilikuwa imeshaingia, taratibu, ikipita chini ya viti, hadi wanawake wa mbele wakaanza kuziba pua kwa kanga huku kila mmoja akimtazama mwenzake kwa lawama.

"Nyumba ya arobaini," aliita afisa.

"Nipo."

Sauti ilitoka kwenye kile kiti kitupu. Ilikuwa sauti ya mumewe, nzito na ya upole, ila imejaa maji.

Katibu hakujua alifikaje mbele. Alijua tu kwamba amemnyang'anya kijana wa watu karatasi, kwamba kalamu imo mkono wa kushoto, kwamba Mwenyekiti analia nyuma yake "Mwanangu, usituue!", na kwamba kama angemfuta mkazi huyo upesi, kabla sauti ile haijasema neno la pili, basi mlango ungefunguka na Fundi angeingia na viatu vyake vya tope akiomba radhi kwa kuchelewa. Akachora mstari. Akachora wa pili juu yake, na wa tatu, hadi karatasi ikatoboka.

Harufu ikaondoka papo hapo. Mbao za kiti zikakauka mbele ya macho ya watu.

"Haya," afisa alisema, akiichukua tena karatasi kwa ncha za vidole. "Nyumba ya arobaini imeondolewa. Watu wawili."

"Mmoja," alisema Katibu.

Afisa alimgeuzia fomu. Chini ya mistari, kwa mwandiko wa mkono wake wa kushoto, palikuwa na 2.

Kibandani walikuta mfuko wa spana, na viatu viwili vya tope vimepangwa vizuri juu ya mfuniko wa chuma. Mafundi watatu waliukagua mfuniko. Uchomeleaji ulikuwa wa zamani, mzima, haukuguswa. Polisi waliandika kwamba ameondoka nyumbani, na mtaani hakukosekana wa kusema ni mwanamke mwingine. Katibu aliwaacha waseme. Alijua alichokifanya, na alijua ni mkono upi ulikifanya.

Kila saa saba mchana bomba liligongwa mara tatu. Sasa alifungua. Maji hayakutoka. Ilitoka pumzi, ya baridi, yenye harufu ya sabuni ile ya kunawia grisi aliyoitumia mumewe, na Katibu aliinamisha uso akakaa hapo hadi ilipokwisha.

Juma la tatu Mwenyekiti alikuja, amekonda. Alisimama mlangoni, hakuwa na hoja hata moja.

"Wamepewa kibali," alisema. "Mashine zinakuja kesho. Wanaanzia kwenye kisima, watakijaza zege."

Alipoondoka, Katibu alifunga mlango. Zilibaki saa chache, na mumewe alikuwa chini ya mfuniko ule akivuta pumzi. Alitoa fomu mpya kwenye droo ya cherehani, akahamisha kalamu mkono wa kushoto, akaandika: Nyumba ya arobaini. Idadi ya watu: 2. Wasiwasi wa mkazi: Msijaze kisima, kuna mtu.

Bomba liligongwa mara mbili.

Likagongwa tena mara mbili, na tena, harakaharaka, kama Fundi alivyokuwa akigonga maji yanapomrukia usoni na mkewe amechelewa: funga, funga, funga. Katibu aliinua kalamu. Miguu yake ilikuwa imelowa hadi kwenye vifundo, na alipoitazama fomu, wino ulikuwa bado mbichi, na idadi ilikuwa 3.