Tarehe Juu ya Bandeji

Ilikuwa imebaki nyumba moja tu ya mgonjwa kabla ya magharibi. Ya Bi Asya, wa mtaa wa Tibirinzi, mwenye kidonda cha mguu cha miaka minne, kilichoanza kwa sukari kikagomea kila dawa. Daktari wetu wa kliniki ya vidonda alishasema: wiki sita kisipopungua, mguu unakatwa chini ya goti. Zilibaki tatu. Mimi nikisafisha kidonda mdomo haupumziki, na Bi Asya alikuwa akinicheka mpaka anasahau maumivu. Nilimpenda. Wiki tatu zile zilinikosesha usingizi.

Mlango alifungua Mize, bintiye wa mwisho, msichana wa miaka ishirini na miwili anayemuuguza. Akanitazama juu mpaka chini.

"Umesahau kitu, Nesi Nadhira?"

"Nisahau nini, na ndo kwanza naingia?"

Akanipisha.

Nikavaa glovu. Bandeji ilikuwa mpya, nyeupe pe. Sisi huandika tarehe juu ya plasta, na herufi za mwanzo za jina la aliyefunga, ili kidonda kisisahauliwe. Nikasoma. Tarehe ya leo. N.H. Na ile N yenye mkia, ninayoandika hivyo tangu darasa la tatu.

Sikuwa nimekanyaga pale tangu juzi.

"Bi Asya," nikanong'ona, "nani kakufunga?"

Akacheka. "Weye, mwanangu. Si ulikuja baada ya alfajiri? Leo nkono wako baridi, wala hukunisimulia kitu. Mie n'kasema, huyu kaghadhibika."

Chumba kilinuka udi. Na chini ya udi... harufu ya kisima kilichofunikwa siku nyingi.

Nikafungua bandeji. Sijapata kuona usafi ule. Nyama yote iliyokufa imetolewa, bila hata tone la damu, na iliyobaki ni nyekundu, hai. Nikapima. Sentimita nane zimekuwa tano.

Tano!

Wallahi ningesema pale pale. Lakini kidonda kinapona, na mguu ule ulikuwa unasubiriwa na msumeno. Nikamshuku Mize kwamba ameleta mganga. Nikamshuku hata Hudhaifa, mwenzangu wa zamu, kwamba ananichezea. Mwisho nikafunga kidonda, nikaandika kwenye daftari, "Amehudumiwa," nikatia saini.

Ikawa ndiyo desturi. Naenda jioni, naikuta bandeji ya leo, natia saini. Tano ikawa tatu. Tatu ikawa moja. Daktari akanisifu mbele ya wenzangu kwamba mkono wangu una baraka, nami nikaipokea sifa.

Asubuhi moja nikawahi. Nikajibanza nyuma ya migomba ya jirani, giza halijatoka vizuri. Viatu vyangu vya kazi hulia, kimoja tu, cha kulia. Basi nikakisikia.

Kwii... kwii... kinaelekea mlangoni kwa Bi Asya.

Nikatazama miguuni kwangu.

Nilikuwa nimevivaa.

Mlango ukafunguliwa. "Karibu, Nesi Nadhira," sauti ya Mize ikasema. Mlango ukafungwa. Kwa mwoga huenda kicheko, nikajiambia nikikimbia, lakini njia nzima sikucheka.

Siku ya mwisho ya wiki zile, jioni, aliyenifungulia ni Bi Asya mwenyewe. Amesimama. Kwa miguu yake miwili.

"Mize yuko wapi?" nikauliza.

"Kha! Si umemchukua asubuhi weye?" Akanishangaa. "Wiki zote hizi neno lako moja tu: nipe Mize nimfundishe kazi. Mie n'kasema, ntu kaniokolea mguu, nimnyime nini? N'kakupa, na radhi zangu juu."

Nilitaka kupiga yowe. Majirani walituona, kumbe, mimi mbele, Mize nyuma na mkoba wa nguo. Hata sheha wa mtaa alituitikia salamu. Nikisema siye mimi, nani ataamini? Daftari linasema ni mimi. Mara tisa, kwa saini yangu.

Nikanyamaza. Naona haya kuliandika hili, lakini nilinyamaza.

Huu mwezi wa tano tangu siku ile. Mize hajaonekana. Juzi Mzee Nyange, mgonjwa wangu wa kule Jadida, Wete, aliniuliza huku nikimfungua bandeji, "Yule binti unokuja nae asubuhi, mbona hasemi?" Mkasi ukaniponyoka.

Na kila Jumatatu Bi Asya huja kliniki, kwa miguu, na mkate wa kumimina aliouoka mwenyewe. Hukaa karibu nami, akanishika mkono.

"Mize hajambo, mwanangu?"

"Hajambo, Bi Asya," namjibu. Kisha naupokea mkate.